Walter Tull: Yatima Aliyetemwa na Spurs, Akaokotwa na Kocha Aliyekuja Kuijenga Arsenal

Kama wewe ni wa Arsenal na unapenda kuwasumbua wasee wa Spurs pale Makutano, Meru, ama kwenye kibanda cha mechi huko Majengo, Embu, leo nakupea stori ya kuwafunga mdomo wiki nzima. Kuna mchezaji mweusi Spurs ilimsaini mwaka wa 1909. Ikamchezesha mechi 10 tu za ligi, ikachoka naye, ikamtuma timu ndogo. Aliyemwokota ni jamaa anaitwa Herbert Chapman. Ndio, huyo huyo ambaye baadaye alienda Arsenal na kuifanya iwe Arsenal.

Kijana mwenyewe anaitwa Walter Tull. Ukimtafuta kwa simu utakutana na picha mbili za aina moja kila mahali: kwenye moja amevaa jezi ya Spurs, kwenye nyingine sare ya jeshi. Watu wakibonga juu yake wanaruka kutoka Spurs hadi vitani kana kwamba hapo kati alikuwa amelala. Mimi naona hapo kati ndio kulikuwa na boli yenyewe. Miaka mitatu kwenye ligi ya chini, mechi zaidi ya 100, akicheza nyuma ambapo hakuna mtu anakupigia makofi. Lakini wacha tuanze alikotoka, ndio uelewe huyu si mtu wa kutishwa na benchi.

Buda yake aliitwa Daniel Tull, fundi wa mbao kutoka Barbados, kisiwa cha Karibi. Wazazi wa Daniel walizaliwa wakiwa watumwa. Daniel aliingia Uingereza miaka ya 1870, akatua mji wa Folkestone ulio ufuoni mwa bahari, akapenda binti wa huko anaitwa Alice Palmer, wakaoana. Fikiria hiyo ndoa, mweusi na Mzungu, miaka hiyo. Walter alizaliwa tarehe 28 Aprili 1888.

Halafu mambo yakaharibika haraka. Mwaka wa 1895 mathe akafariki kwa saratani. Daniel akaoa Clara, mtu wa ukoo wa marehemu Alice, ili watoto wapate mlezi. Haikupita muda, Desemba 1897, buda naye akaenda kwa ugonjwa wa moyo. Clara akabaki na nyumba imejaa watoto na hana chapaa. Walter alikuwa na miaka tisa. Mwanzoni mwa 1898 yeye na kaka yake Edward wakapelekwa nyumba ya watoto yatima ya kanisa la Methodisti huko Bethnal Green, mashariki mwa London.

Meru na Embu tunazijua hizi nyumba za watoto. Unajua vile mtoto mmoja anaweza kuchukuliwa na familia, mwingine akabaki akiangalia geti. Ndio ilivyokuwa. Edward alikuwa na sauti nzuri, akawa anazunguka na kwaya ya nyumba hiyo kuchangisha pesa. Familia ya Warnock kule Glasgow, Scotland, ikampenda na kumchukua. Walter akabaki London. Edward alisoma akawa daktari wa meno, anatajwa kuwa daktari wa meno wa kwanza mweusi Uingereza. Hawa ndugu hawakusahauliana lakini, na jina la Edward litarudi huku mwisho, kwa hivyo lishike.

Walter akafunzwa kazi ya kuchapisha. Mchana ni mashine na wino, wikendi ni boli na timu ya hiyo nyumba. Mwaka wa 1908 akafanyiwa majaribio na Clapton, timu ya wachezaji wasiolipwa lakini kubwa kwa kiwango hicho. (Mwaka huo huo wa 1908, huku kwetu, Mwingereza E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, ndio alikuwa anasimamisha boma la serikali mjini Meru. Embu walikuwa wameshapigwa mwaka wa 1906. Kumbuka hiyo.)

Msimu wake wa kwanza, Clapton ikabeba vikombe vitatu, kikiwemo kile cha taifa cha timu zisizolipa wachezaji. Magazeti ya michezo yakaanza kumwona kama samaki mkubwa wa msimu. Spurs wakapiga hodi. Kiangazi cha 1909 wakampeleka ziara Argentina na Uruguay, waliporudi akawa na mkataba: pauni 10 za kusaini na pauni 4 kwa wiki. Usicheke. Pauni 4 ndio ilikuwa kiwango cha juu kabisa ambacho sheria za ligi ziliruhusu mchezaji yeyote kulipwa, hata awe nani.

Spurs walikuwa ndio mara ya kwanza kuingia daraja la kwanza. Walter akaanza kama fowadi wa ndani upande wa kushoto. Mechi ya kwanza ilikuwa ugenini dhidi ya Sunderland, wakachapwa. Iliyofuata nyumbani ni Manchester United, mabingwa wa Kombe la FA wakati huo, mbele ya watu zaidi ya 30,000. Ikaisha 2-2. Kijana wa miaka 21, yatima, ndiye mtu mweusi pekee uwanjani, na kila macho yako kwake. Alicheza vizuri.

Kisha ikaja Bristol. Oktoba 1909 Spurs walisafiri kucheza na Bristol City, na sehemu ya mashabiki wakamwandama Walter dakika zote kwa matusi ya rangi. Mwandishi mmoja wa gazeti aliyekuwepo alichukizwa mpaka akaandika kwamba lugha ile ilikuwa chini kuliko ya soko la samaki, na kwamba Walter, kwa jinsi alivyojizuia, alikuwa mfano kwa kila mchezaji Mzungu. Akaongeza kuwa ndiye fowadi bora siku hiyo. Ni mojawapo ya ripoti za mwanzo kabisa za ubaguzi wa rangi kwenye mpira wa Uingereza ambazo tunazo kwa maandishi.

Sasa cheki kilichofuata. Si Bristol iliyopewa adhabu. Muda mfupi baadaye Walter ndiye aliyejikuta timu ya akiba. Msimu huo akacheza mechi saba za ligi, uliofuata tatu. Jumla 10, mabao mawili. Basi.

Kuna wanaosema alikuwa mzito kidogo wa mguu kwa daraja la kwanza. Inawezekana. Lakini mtu hatoki kuwa bora uwanjani hadi kuwa hafai kwa wiki chache, na mimi sioni vile kelele za Bristol hazikuingia kwenye hesabu za mabosi. Timu mpya kwenye ligi haitaki noma kila Jumamosi. Rahisi ni kumwondoa anayetukanwa. Si umeona hata huku kwetu, kijana wa mtaani akizomewa na mashabiki wa nyumbani, kocha anamtoa yeye halafu anasema ni mbinu?

Oktoba 1911 Spurs wakamuuza Northampton Town. Kwenye dili hiyo beki wa Northampton, Charlie Brittan, akaenda Spurs, na Northampton wakatoa pesa juu. Kumbuka hiyo kitu: hawakumpata bure kama chuma kuukuu. Walimlipia.

Northampton ni mji wa mafundi viatu. Timu yake haikuwa hata kwenye Ligi ya Soka yenyewe. Ilikuwa kwenye Ligi ya Kusini, ile ambayo daraja lake la juu mwaka wa 1920 ilimezwa ikawa daraja la tatu la ligi kuu ya nchi. Kwa hivyo fikiria daraja la tatu hivi, ya kulipwa lakini mbali na taa. Uwanja wao, County Ground, walishiriki na wachezaji wa kriketi, kwa hivyo mpira ulikuwa na mashabiki pande tatu tu, upande wa nne ni nyasi za kriketi zinaenda hadi mbali. Ukitoka kwenye umati wa 30,000, hapo unaweza kuona ni kama umetoka Kinoru ukaenda kucheza kiwanja cha shule ya msingi.

Lakini kocha alikuwa Chapman. Huyu Chapman aliwahi kuchezea Spurs pia, na kama kocha alishaipa Northampton ubingwa wa Ligi ya Kusini mwaka wa 1909. Alikuwa mtu wa kufikiria boli kama mchezo wa bao: kila kete na kazi yake. Mwanzoni alimtumia Walter mbele, na kulikuwa na siku iliwaka moto kweli. Msimu huo wa kwanza Walter alifunga mabao manne kwenye mechi moja dhidi ya Bristol Rovers. Si timu ile ya matusi, lakini ni mji ule ule. Natumaini kuna shabiki mmoja wa 1909 aliyesoma matokeo hayo kwenye gazeti akiwa na chai yake.

Nafasi iliyomkaa vizuri zaidi ilipatikana nyuma. Alirudishwa kuwa hafubeki wa pembeni. Hapa wacha nieleze kidogo, kwa sababu boli ya siku hizo haikupangwa kama hii unaona kwa runinga. Nyuma kabisa walikuwa mabeki wawili tu. Mbele yao hafubeki watatu. Mbele kabisa fowadi watano. Ukihesabu, wale mabeki wawili wangeliwa hai bila hafubeki kurudi. Hafubeki wa pembeni ndiye alimkaba fowadi wa ndani ama winga wa adui, akampokonya, halafu akainua kichwa na kuwalisha wa mbele. Jezi hazikuwa na namba, ila baadaye nafasi hiyo ilikuja kuwa namba nne na namba sita. (Na aliyejaribu namba mgongoni kwenye ligi mapema, mwaka wa 1928 akiwa na Arsenal, ni nani? Chapman tena.)

Kwa mtu mwenye nguvu, akili ya pasi na mguu usio wa mbio sana, hiyo ndiyo nafasi. Walter alisifiwa kwa pasi safi na kwa kutopoteza mpira ovyo. Hakuna kubadilishwa mchezaji wakati huo. Ukiumia unachechemea hadi mwisho ama mnabaki kumi. Mpira ni ngozi yenye kamba za kufunga, ukinyeshewa unakuwa kama jiwe, na wewe ndiye wa kuupiga kichwa. Siku mbili baadaye mnapanda treni tena kwenda mji mwingine wa kusini wenye matope.

Chapman mwenyewe aliondoka kiangazi cha 1912 kwenda Leeds City. Baadaye akachukua ubingwa wa ligi na Huddersfield mwaka wa 1924 na 1925, halafu Kombe la FA 1930 na ligi 1931 na 1933 na Arsenal. Kwa kawaida kocha aliyekusajili akienda, wewe ndio wa kwanza kutupwa. Walter hakutupwa. Alibaki kwenye kikosi chini ya waliofuata, akafikisha mechi 111 za timu ya kwanza na mabao tisa. Hizo ni mara 11 ya mechi zake za ligi akiwa Spurs. Hakubeba kombe lolote Northampton. Alikuwa anapangwa kila wiki, na watu wa mji walimjua kwa jina.

Agosti 1914 vita vikaanza. Desemba mwaka huo jeshi likaunda kikosi maalum cha wachezaji mpira, batalioni ya 17 ya Middlesex, na Walter akawa wa kwanza kutoka Northampton kujiandikisha. Hakulazimishwa. Uandikishaji wa lazima Uingereza ulikuja 1916.

Huku kwetu hiyo vita ilikuja kivingine. Waingereza walikuwa wanapigana na Wajerumani Tanganyika, na kwa sababu mbung'o walimaliza punda na ng'ombe, mizigo ilibebwa na watu. Hao ndio Kariakor, jina ambalo limebaki Nairobi hadi leo. Mwaka wa 1917 msako wa wapagazi ulizunguka kila wilaya, Meru na Embu zikiwemo, miaka kama kumi tu baada ya boma kusimamishwa. Makumi ya maelfu hawakurudi. Wengi hawakuuawa na risasi bali na kuhara, malaria na unga ambao haukupikwa vizuri.

Walter alifika Ufaransa Novemba 1915. Jeshi lilimpandisha cheo upesi hadi sajini. Mei 1916 akili ikagoma. Mabomu ya mchana na usiku yalimfanya apelekwe hospitali akiwa amechanganyikiwa, kitu ambacho leo tungesema ni kiwewe cha vita na wakati huo wengi waliona ni aibu. Miezi michache baadaye akarudi mstari wa mbele, akapigana Somme, ile vita ya matope iliyomeza wanaume kama mashine ya kusaga. Desemba akarudishwa Uingereza na homa ya mahandaki.

Hapo ndipo kikatokea kitu ambacho kwa karatasi hakikufaa kutokea. Mwanzoni mwa 1917 alipelekwa chuo cha maofisa huko Gailes, Scotland, na tarehe 30 Mei 1917 akawa luteni wa pili. Kanuni za jeshi zilitaka ofisa awe mtu wa damu ya Kizungu tupu, na sheria ya kijeshi ya 1914 ilimzuia mtu mweusi kuwaamuru wengine akiwa ofisa. Walter hakuwa mweusi wa kwanza kabisa kupenya, ila ni miongoni mwa wachache sana, na ndiye anayejulikana zaidi kwa kuwaongoza wanajeshi Wazungu vitani. Sheria haikubadilishwa. Wakubwa wake walimwona kazini wakaipita tu. KAR huku kwetu, Mwafrika angefika sajini, lakini kumwamuru Mzungu? Sahau.

Akiwa ofisa alitumwa batalioni ya 23, nayo ya wanasoka, na mwishoni mwa 1917 wakapelekwa Italia, mto Piave. Usiku wa mwaka mpya wa 1918 akawavusha watu 26 kwenye maji yanayokwenda kasi hadi upande wa adui, wakafanya kazi yao, akawarudisha wote 26. Hakuna aliyekufa. Jenerali wao, Sydney Lawford, akamtaja kwa maandishi akisifu ujasiri wake na utulivu wake. (Kwa wale mnapenda sinema za zamani: huyo jenerali ndiye buda wa mwigizaji Peter Lawford, yule aliyeoa dada ya Rais Kennedy.) Utulivu ndio neno. Lile lile ambalo mwandishi wa Bristol alitafuta njia ya kulisema.

Machi 1918 walirudishwa Ufaransa, na tarehe 21 Wajerumani wakaanza shambulio kubwa. Tarehe 25, karibu na kijiji cha Favreuil, Walter alipigwa risasi wakati kikosi chake kikirudi nyuma. Tom Billingham, aliyekuwa kipa wa Leicester Fosse, alijaribu kumbeba chini ya risasi. Adui walikuwa wamekaribia sana, akalazimika kumwacha. Walter alikuwa na miaka 29, amebakisha mwezi na siku chache afikishe 30. Mwili haukupatikana.

Jina lake liko kwenye ukuta wa kumbukumbu huko Arras, pamoja na karibu 35,000 wengine wasio na kaburi linalojulikana. Ukisimama Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu za askari na mpagazi zilizowekwa 1928. Jina la mpagazi hata mmoja halijaandikwa pale. Mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali rasmi kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Kama familia yenu Chuka, Runyenjes au Nkubu ina stori ya babu aliyeenda Kariakor, andikeni jina lake mahali.

Northampton hawakumsahau wao. Mwaka wa 1999 walisimamisha mnara wake nje ya uwanja wao mpya wa Sixfields, na barabara inayopita hapo inaitwa Walter Tull Way. Spurs nao wanajivunia sana siku hizi. Sawa tu. Mwaka wa 2021 akaingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa soka Uingereza.

Kuna kitu kimoja kimebaki. Baada ya kifo, ofisa mwenzake alimwandikia barua Edward, yule kaka daktari wa meno wa Glasgow. Alimwambia kwamba Walter alipendwa na kikosi kizima, kwamba alikufa papo hapo, na kwamba kamanda alikuwa amempendekezea nishani ya Military Cross. Nishani hiyo haikuja. Kuna wanaosema kumpa ofisa mweusi nishani kungemaanisha wizara ikubali kwamba kanuni zake zilivunjwa. Wabunge wakiongozwa na wa Northampton walisukuma jambo hilo miaka ya 2000, wakajibiwa kwamba pendekezo lenyewe halionekani kwenye faili lake. Barua ya Edward ipo. Nishani haijatoka.